Kibaraza cha upepo cha karavani kinalegea kila alfajiri: kina tundu, au ni joto tu?

*"Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunaishi Tabata. Mwaka jana tulinunua karavani iliyotumika (nyumba ndogo ya kukokotwa na gari), iliyoletwa kutoka Uingereza, pamoja na kibaraza chake cha turubai ambacho nguzo zake hujazwa upepo badala ya kuwa za chuma. Tumeiegesha kwenye kiwanja chetu cha Kimbiji, Kigamboni, karibu kabisa na bahari, mlango ukiwa umeelekea baharini, na tunakwenda huko na watoto mwishoni mwa wiki. Tatizo ni hili: tunajaza upepo mchana tunapofika, kinasimama vizuri, lakini alfajiri nguzo zimelegea na paa limebonyea. Mume wangu huongeza upepo kila asubuhi, na ikifika saa saba mchana nguzo zimekuwa ngumu hadi tunaogopa kuzigusa. Fundi pancha wa jirani anasema lipo tundu na anataka kuliziba kwa kiraka cha moto. Mwingine anatushauri tujaze kwa mashine ya gereji ili kikaze mara moja. Shemeji yangu anasema tukiuze, tununue cha vyuma. Tena tungependa kukiacha kimesimama muda wote, hata masika, kwa sababu mvua ikinyesha huwa tunaingiza jiko la mkaa humo na kupika. Tufanye nini?"*

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kueleza kwa kirefu, maana saa ulizozitaja ndizo zinazonisaidia kukujibu bila kukiona kibaraza chenyewe. Hata hivyo, nitaanza na jambo uliloligusa mwishoni kwa kupita tu, kwa sababu katika yote uliyoyaandika ndilo pekee linaloweza kuua.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya kibaraza hicho, hata kama mvua inanyesha, hata kama mlango mmoja umefunguliwa, na hata kama mkaa umeshashika vizuri na hautoi moshi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mkaa usiotoa moshi huitoa vilevile. Gesi hiyo ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu mahali ambapo oksijeni ingeshikamana, na mtu huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, akidhani amechoshwa na jua. Kibaraza cha turubai la plastiki hakipumui kama banda la makuti: kikifungwa zipu kwa ajili ya mvua, hewa yake huingia moja kwa moja ndani ya karavani kupitia mlango na matundu ya hewa, na humo ndimo watoto wanamolala. Ikitokea watu wawili au watatu wanaumwa kichwa kwa pamoja wakiwa ndani, watoeni wote nje kwenye hewa wazi mara moja, kisha nendeni hospitali na kumweleza daktari kwamba mlikuwa na moto wa mkaa ndani. Msisubiri kuona kama kitapoa. Onyo hilohilo linaihusu jenereta iliyowekwa pembeni ya turubai, pamoja na friji ya gesi ya karavani, ambayo bomba lake la moshi kwenye baadhi ya karavani hutokea upande uleule wa mlango. Angalia kama la kwenu linatokea ndani ya kibaraza. Kama ndivyo, friji iendeshwe kwa umeme muda wote kibaraza kinapokuwa kimefungwa.

Sasa tuje kwenye upepo wenyewe.

Unachokieleza kinaonekana kama tundu, na simlaumu fundi pancha kwa kusema hivyo, kwa kuwa kazi yake ni kukutana na matundu kila siku. Lakini tundu halichagui saa. Tyubu yenye tundu hupoteza upepo mchana na usiku, na ingekuwa hivyo, nguzo zilizoongezwa upepo saa kumi na mbili asubuhi zingekuwa zimeanza kulegea saa saba mchana. Zenu hufanya kinyume: mchana hukaza kupita kiasi, usiku hulegea. Mwenendo wa namna hiyo kwa kawaida hutokana na joto.

Hewa iliyofungiwa mahali pamoja huongezeka mgandamizo inapopata joto na hupungua inapopoa. Kinachowachanganya wengi ni kwamba geji ya pampu haionyeshi mgandamizo wote wa hewa iliyomo. Huonyesha tu ule unaozidi hewa ya nje, na hewa ya nje yenyewe, pale Kimbiji kwenye usawa wa bahari, ina mgandamizo wa karibu psi 14.7 (psi ni kipimo cha mgandamizo, yaani ratili kwa inchi ya mraba). Kwa hiyo geji ikisoma 7, ndani ya nguzo kuna takriban 21.7, na joto hufanya kazi juu ya hizo 21.7 zote. Tuchukulie mmejaza hadi 7 mchana, jua likiwa limeichoma turubai na hewa ya ndani ya nguzo imefika nyuzi joto 50. Alfajiri hewa hiyo imepoa hadi nyuzi 23. Kwenye kipimo cha Kelvin (nyuzi za kawaida ukiongeza 273), ambacho ndicho kanuni hii hukitumia, ni kutoka 323 hadi 296. Ukipiga hesabu utaona kwamba geji itasoma psi 5 na kidogo, bila hata punje moja ya hewa kutoka nje. Karibu psi 2 zimepotea kwa sababu ya ubaridi peke yake.

Mume wako anaamka, anaona paa limebonyea, anaongeza. Kama angerudisha 7 kamili, mchana nguzo zingepanda hadi kama 9. Lakini mtu aliyeona kibaraza kikilala hataki kiishie pale. Hujaza hadi kikaze, tuseme 9, na ikifika saa saba mchana imeshavuka 11. Vibaraza vingi vya aina hii hutengenezwa kwa psi 5 hadi 10 hivi, vingi vikiwa kati ya 7 na 9, na kiwango cha chako kimeandikwa kwenye lebo karibu na valvu au kwenye mfuko wake. Hapo ndipo pana hatari ya kweli. Tyubu inayoongezwa upepo kila alfajiri na kupikwa kila mchana hatimaye itapasuka, na fundi pancha ataonekana alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kuna njia rahisi ya kujua ukweli, nayo haihitaji fundi. Pimeni saa ileile, siku mbili zinazofuatana, kabla jua halijachomoza, na katikati msiongeze chochote. Kama alfajiri ya Jumamosi geji imesoma 6 na ya Jumapili imesoma 6 au pungufu kidogo sana, hakuna tundu. Kama imeshuka hadi 4 au 3, basi lipo, au valvu inavujisha. Ukubali kupungua kidogo siku za mwanzo baada ya kibaraza kukaa muda mrefu kwenye mfuko, kwa kuwa tyubu hunyooka na kutanuka kabla ya kutulia.

Baada ya hapo, saa yenu ya kujaza iwe asubuhi mapema au jioni jua likishatua. Mkilazimika kujaza mchana kwa sababu ndiyo saa mnayofika, jazeni hadi kiwango cha lebo, kisha jioni kukishapoa pimeni tena na kuongeza kidogo. Kesho yake saa nne asubuhi, kabla jua halijakolea, punguzeni hicho mlichoongeza. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Kuna vibaraza ambavyo valvu yake hujipunguza yenyewe mgandamizo ukizidi, lakini usiitegemee mpaka uwe umethibitisha kwamba chako kinayo na inafanya kazi, maana chumvi na mchanga huiziba.

Utauliza, psi 2 zina uzito gani hata paa lote libonyee? Zina uzito mkubwa, na hapa inafaa kuelewa nguzo hizo zilivyo ndani. Kila nguzo ina sehemu mbili: tyubu nyembamba ya plastiki laini ya jamii ya poliurethani, ambayo kazi yake ni kuzuia hewa tu, na ala ya kitambaa kigumu cha poliesta inayoizunguka na kufungwa kwa zipu, ambayo ndiyo yenye nguvu. Hewa huisukuma ala, ala hukazika, na kukazika huko ndiko kunakoifanya nguzo isimame. Gunia la mchele lililojazwa sawasawa na kushonwa husimama wima na hata kuegemewa, lakini ukilipunguza kidogo hujikunja kiunoni. Vivyo hivyo nguzo hii hubeba mzigo hadi pale kitambaa cha upande unaobanwa kinapopoteza mkazo na kufanya kunyanzi, na kuanzia hapo hukunjika. Kikomo hicho hulingana moja kwa moja na mgandamizo: ukitoka 7 kwenda 5, umepoteza zaidi ya robo ya nguvu ya nguzo. Na hulingana na kipenyo kwa namna kali zaidi, kwa kuwa kipenyo huzidishwa chenyewe mara tatu. Nguzo ya sentimita 10 ina uwezo unaokaribia mara mbili ya ile ya sentimita 8 kwa mgandamizo uleule. Ndiyo maana siku utakapolinganisha kibaraza kimoja na kingine, pima unene wa nguzo kabla ya kusoma sifa nyingine zozote.

Kutokana na maelezo hayo unaweza kuona kwa nini ushauri wa mashine ya gereji haufai kabisa. Mashine ile huhifadhi hewa kwenye tangi kwa mgandamizo unaoweza kuzidi psi 100, na geji yake imetengenezwa kwa ajili ya matairi yanayohitaji 30 na kuendelea; kati ya 7 na 12 sindano yake haikuambii kitu cha kuaminika. Sekunde chache za kuchelewa kuachia kitufe zinatosha kupasua mshono wa ala. Tumieni pampu ya mkono iliyokuja na kibaraza, au pampu ya umeme wa volti 12 iliyokusudiwa maboti na mahema ya upepo, ambayo unaipangia kiwango nayo hujizima ikikifikia. Na kabla ya kujaza, pitisheni mkono kwenye kila zipu ya ala kuhakikisha imefungwa hadi mwisho. Zipu ikiachwa wazi hata kwa urefu wa kidole, tyubu hutokeza pale kama uvimbe na kupasuka, hata kama geji haijavuka kiwango.

Kiraka cha moto nacho mkikatae kwa heshima. Tyubu ya gari au ya baiskeli ni ya mpira, na kiraka chake hushikamana nayo kwa joto au kwa solusheni ya mpira. Tyubu ya kibaraza ni plastiki: solusheni ya mpira haishiki juu yake, na moto huiyeyusha. Kama kipimo cha alfajiri kitaonyesha kwamba kweli inavuja, anzeni na valvu, kwa sababu mara nyingi tatizo liko hapo. Fungueni, osheni mchanga kwa maji baridi, kausheni, kazeni tena, kisha pakeni povu la sabuni mtazame mapovu. Kama kibaraza chenu kina vifungio vidogo vinavyotenganisha nguzo moja na nyingine, vifungeni vyote usiku mmoja, na asubuhi nguzo itakayokuwa imelegea peke yake ndiyo yenye kasoro. Fungueni zipu yake, toeni tyubu, ijazeni kidogo tu kiasi cha kujaa umbo bila kukaza, maana nje ya ala haina kitu cha kuishikilia, kisha izamisheni kipande kwa kipande kwenye beseni la maji. Tundu likionekana, lisafisheni kwa spiriti, likauke, kisha mbandike kiraka cha poliurethani kwa gundi yake na kukiacha saa zote zilizoandikwa kwenye pakiti. Tundu lililo juu ya mshono au kwenye shina la valvu silishauri kuzibwa nyumbani. Hapo ni kubadilisha tyubu nzima.

Sasa nimjibu shemeji yako, ambaye hajakosea kwa yote. Kibaraza cha vyuma kina faida moja kubwa kwetu sisi wa Dar es Salaam: nguzo ikipinda au kukatika, utaipeleka Gerezani na fundi atakutengenezea nyingine siku hiyohiyo. Tyubu ya poliurethani hakuna wa kukutengenezea mtaani, inaagizwa. Kwa upande mwingine, vyuma hivyo pale Kimbiji vitaliwa na chumvi, vinachukua muda mrefu kusimamisha, na upepo mkali ukivipinda havirudi. Nguzo ya upepo ikisukumwa na dhoruba fupi hukunjika, kisha dhoruba ikipita hunyooka yenyewe. Kwa familia inayokwenda mwishoni mwa wiki tu, mimi ningebaki na cha upepo. Kama mngekuwa mnakaa hapo miezi mitatu mfululizo, ningeegemea upande wa shemeji.

Lakini aina yoyote mtakayochagua, nguzo hazikizuii kibaraza kuruka. Kinachokizuia ni vigingi na kamba, na hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi nanyi zaidi kuliko kwenye hilo la kulegea. Vigingi vinavyokuja na vibaraza hivi vimekusudiwa viwanja vya nyasi vya Ulaya, vyenye udongo unaoshika. Kwenye mchanga wa pwani unaving'oa kwa vidole viwili. Chimbeni shimo la sentimita 40 hadi 50, lazeni chini kipande cha mti au mfuko uliojazwa mchanga, kamba ikiwa imefungwa katikati yake, kisha fukieni na kushindilia. Nanga ya namna hiyo itabeba mzigo ambao kigingi hakiwezi kuusogelea. Mkikutana na jiwe la matumbawe, ambalo sehemu hizo za Kigamboni halikosekani, tumieni vipande vya nondo ya milimita 12 vilivyochongwa ncha na kukunjwa kichwa, vipigwe kwa nyundo vikiwa vimeinamia nje, mbali na kibaraza. Halafu fungeni mikanda ya dhoruba kwenye pembe za mbele kila mnaposimamisha, hata siku ambayo bahari imelala, kwa kuwa hakuna anayeamka saa nane usiku kuifunga.

Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake: upepo wa kilomita 40 kwa saa husukuma turubai mara nne ya ule wa kilomita 20. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikitoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa katika ukanda wa pwani, kibaraza kishushwe. Mkikutwa na dhoruba ghafla, msianze kung'oa vigingi. Acheni vigingi vya chini vilivyo, acheni ukingo wa turubai uliomo kwenye reli ya karavani (mfereji wa alumini ukutani unaokishika kibaraza) ulivyo, fungueni valvu na mkiache kilale chini chenyewe, kisha mkiwekee uzito juu. Kukitoa kwenye reli ni kazi ya baadaye, upepo ukishatulia.

Mwelekeo wa karavani ni nusu ya ulinzi wenyewe. Karavani za Uingereza huwa na mlango upande wa kushoto, jambo linalotufaa kwa kuwa nasi tunaendesha kushoto, na kibaraza hukaa upande huo. Katikati ya mwaka, kusi inapovuma kutoka kusini na kusini-mashariki, pua ya karavani ingetakiwa kutazama kaskazini-mashariki ili ubavu wake wa kulia ukinge upepo na kibaraza kifunguke upande wa kaskazini-magharibi. Kaskazi ikiingia, kati ya Desemba na Machi, ingetazama kaskazini-magharibi. Najua maana yake: misimu yote miwili mtakunywa chai mkiitazama minazi ya nyuma na si bahari mliyoinunulia kiwanja. Mkitaka mandhari, basi mkubali kwamba siku za upepo mkali kibaraza hakitasimama. Kuyapata yote mawili haiwezekani, na turubai nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimechanika pembeni zilichanika kwa sababu mwenyewe hakutaka kuikosa bahari.

Kuhusu kukiacha kimesimama muda wote, jibu langu ni hapana, na si kwa sababu ya masika peke yake. Jua letu ndilo adui wa kwanza. Kitambaa cha poliesta hudhoofishwa na miale ya urujuanimno, rangi hupauka kwanza, kisha nyuzi hukatika ukivuta kwa mkono. Kibaraza kilichokusudiwa wiki chache za kiangazi cha Ulaya kwa mwaka hakiwezi kuvumilia jua la Kimbiji miezi kumi na miwili. Mvua hufuata. Paa likibonyea kwa sababu ya ule ulegevu wa usiku tulioueleza, maji hukaa hapo, na dimbwi la mita mbili kwa nusu mita lenye kina cha wastani cha sentimita 3 tu lina lita 30, yaani kilo 30 zinazoning'inia juu ya nguzo zilizopungua nguvu. Dimbwi huzidi kubonyeza, kubonyea huleta dimbwi kubwa zaidi. Na masika ndiyo majira ambayo Kimbunga Hidaya kiliifikia pwani yetu, mwezi Mei 2024. Kibaraza kisicho na mtu wa kukitazama kisiachwe kimesimama kati ya Machi na Mei hata kwa siku moja.

Matone mtakayoyaona asubuhi upande wa ndani wa paa, bila mvua kunyesha, si kuvuja. Ni pumzi zenu na unyevu wa bahari. Fungueni madirisha ya juu usiku.

Kikishushwa, kikaushwe. Mkilazimika kukifunga kikiwa kimelowa kwa sababu mnawahi kurudi mjini, kifunguliwe Tabata usiku huohuo au kesho yake asubuhi na kutandazwa, la sivyo siku mbili za joto hili zinatosha kuotesha ukungu ambao hautoki tena. Chumvi ioshwe kwa maji ya kawaida bila sabuni ya unga, kwani sabuni hiyo huondoa dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kwenye kitambaa. Reli ya alumini ifutwe mchanga na kusuguliwa kwa mshumaa kabla ya kupitisha ukingo wa turubai. Itawapunguzia nusu ya jasho, na itazuia ukingo huo usilike.

Kwa ajili ya kivuli cha kudumu na jiko, nawashauri mjenge banda dogo la makuti umbali wa mita kadhaa kutoka kwenye karavani. Litagharimu kidogo kuliko kibaraza kipya, litapitisha hewa, fundi wake yuko Kimbiji hapohapo, na kibaraza cha upepo kitabaki na kazi inayokifaa, ya kuwa sebule ya siku mbili.

Yapo mambo matatu ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. La kwanza ni reli yenyewe: kibaraza kinachopigwa na upepo huivuta, skrubu hulegea, na maji hupenya nyuma yake. Karavani nyingi za zamani za Uingereza zina fremu ya mbao ndani ya ukuta. Bonyeza kwa kidole gumba ukuta wa ndani, chini ya usawa wa reli. Ukihisi ulaini, au ukisikia harufu ya uvundo kwenye makabati ya juu, usifunge tena kibaraza mpaka fundi wa bodi afungue reli na kuona kilichopo, kwa sababu ukuta uliooza huachia reli yote kwa dhoruba moja. La pili ni umeme. Volti 230 za Uingereza ni sawa na zetu, na plagi zake zenye miguu mitatu zinaingia kwenye soketi zetu, jambo linalowafanya watu wavute waya wa kawaida kutoka nyumbani hadi kwenye kibaraza juu ya mchanga uliolowa. Kazi hiyo apewe fundi umeme mwenye leseni, afunge kikata umeme kinachojizima umeme ukivuja, na aipime ethi, yaani waya wa ardhi. La tatu ni mshono wa ala. Ukiona nyuzi zimeanza kuachia kwenye nguzo yoyote, toeni upepo na mlete ala hiyo kwa fundi turubai mwenye cherehani ya kazi nzito na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba wa fundi nguo hautadumu hata wiki moja chini ya mgandamizo ule.

Mkiwa mnasubiri siku ya kwenda Kimbiji tena, tafuteni lebo ya kibaraza, mpige picha namba ya toleo lake, mpime kipenyo na urefu wa kila nguzo, na kuagiza tyubu moja ya akiba pamoja na valvu mbili. Kuagiza huchukua muda, na tyubu za matoleo ya zamani huacha kutengenezwa bila taarifa.